Tuta la Kwanza Kwenye Nyumba Mpya: Kupanga na Kupanda Mahali Usipopajua Bado

Kiwanja ni kipya kwako tu. Chenyewe kina miaka yake: hapa mafundi walikoroga saruji, pale lori la mchanga lilikuwa likigeuzia, kule konani mkaaji wa zamani alimwaga mafuta machafu ya gari. Nyasi zikishaota juu, alama hazionekani tena, na wewe unafika na mbegu mkononi ukiona uwanja mtupu unaongoja jembe. Ndiyo maana mwongozo huu unakawia kufika kwenye mbegu. Kupanda kwenyewe ni kazi ya jioni moja. Kinachoamua kama kutakuwa na mavuno ni yale utakayoyajua kabla ya jioni hiyo.

Msimamo wangu niuseme mapema: msimu wa kwanza tengeneza tuta moja. Mawili, kama una msaidizi. Mengine yote yabaki kwenye karatasi. Sababu utaiona tukifika kwenye maji.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kuchimba

Anza na yaliyofukiwa. Mabomba ya maji, nyaya za umeme, shimo la maji taka na eneo lake la kunyonyea: vyote hivyo hupitishwa kwenye sehemu tupu za uwanja, zile zile zinazokuvutia kwa bustani. Kama kuna mchoro wa nyumba, utafute. Kama haupo, fuata mabomba kwa macho kuanzia yanapotokea ukutani, kisha waulize waliojenga au majirani waliokuwepo. Siri ya mtungi aijuaye kata: jirani atakuonyesha hata kona inayotuama maji mvua zikizidi, jambo ambalo wewe ungelijua baada ya miche kuoza. Juu ya eneo la kunyonyea maji taka usipande mboga, hasa za mizizi kama karoti. Nyasi au maua yenye mizizi mifupi yanatosha hapo.

Nyumba ya zamani ina jambo lake. Rangi nyingi za kuta za miaka ya nyuma zilikuwa na madini ya risasi, na magamba yake yakibambuka huanguka chini ya ukuta na kubaki udongoni. Risasi haiozi. Ukiwa na shaka, peleka sampuli ya udongo maabara. La sivyo, weka mboga mbali na kuta hizo na uwaachie maua sehemu ile.

Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba kwanza.

Hatua ya 2: Chora kivuli

Chagua siku isiyo na mawingu. Chora uwanja kwenye karatasi, hata bila rula, kisha toka nje saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi alasiri, kila mara uweke mstari pale kivuli kilipoishia. Sehemu isiyofunikwa na kivuli mara zote tatu ndiyo yenye jua kamili.

Chochote unachokipanda kwa ajili ya tunda, iwe nyanya, pilipili, biringanya, tango au boga, kinahitaji jua la moja kwa moja kwa saa sita hadi nane kila siku. Karoti na bitiruti huridhika na saa nne au tano. Mboga za majani kama spinachi na saladi huvumilia hata saa tatu au nne, na penye joto kali kivuli cha alasiri huzisaidia zisichanue mapema.

Mchoro wa siku moja una upungufu, kwa sababu jua halipiti njia moja mwaka mzima. Kwenye nchi zilizo mbali kaskazini, jua la mchana hukaa upande wa kusini daima, kwa hiyo nyuma ya nyumba upande wa kaskazini huwa kivulini. Kusini ya mbali ni kinyume chake. Karibu na Ikweta jua hubadili upande: kuanzia Machi hadi Septemba huegemea kaskazini, kuanzia Septemba hadi Machi huegemea kusini. Ukuta unaopigwa na jua kutwa leo unaweza kuwa kivulini miezi sita ijayo. Fikiria hilo kabla hujachimba jirani na ukuta mrefu.

Epuka pia chini ya mti mkubwa. Kivuli ni nusu tu ya tatizo. Mizizi yake hutambaa mbali kuliko matawi, na itahamia kwenye tuta lako mara tu itakaponusa maji na mbolea.

Ukibaki na sehemu mbili zinazofaa, moja yenye udongo mzuri huko mwisho wa uwanja na nyingine yenye udongo wa wastani karibu na mlango unaoupitia kila siku, chagua ya mlangoni. Udongo unaweza kurekebishwa. Mazoea ya miguu yako ni magumu zaidi kuyarekebisha, na tuta usilolipitia utaliona mara moja kwa wiki, wakati viwavi wamekwisha kula na kuondoka.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya maji

Kipimo cha kuanzia ni sentimita 2.5 za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba, mvua ikiwemo. Tuta la mita 1.2 kwa 3 lina mita za mraba 3.6. Hilo ni lita 90 kwa wiki. Kama unamwagilia kwa keni ya lita 10, ni safari tisa kutoka bombani. Matuta manne ni safari 36, kila wiki ya ukame, na joto kali likija huongezeka. Matuta mengi ya msimu wa kwanza hukaukia hapa, na si kwa sababu ya uvivu. Mtu huchimba siku ana nguvu na shauku, halafu maji yanamdai siku nyingine zote.

Kwa hiyo pima umbali kutoka bombani hadi tutani. Mpira wa maji ukifika, vizuri. Usipofika, sogeza tuta. Ukiwa na mpango wa kukinga maji ya paa, weka pipa juu ya matofali ili keni ipite chini ya koki. Ni jambo dogo, lakini likisahaulika utakuwa unachota kwa kopo.

Hatua ya 4: Ujue udongo

Hapa usiharakishe. Wakati wa ujenzi, udongo wa juu wenye rutuba hukwanguliwa, na ule uliochimbwa kwenye msingi, uliofifia na usio na uhai, husambazwa juu yake. Ukilima hapo bila kujua, unapanda kwenye udongo wa chini uliogeuzwa kuwa wa juu.

Chimba mashimo mawili au matatu ya sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, kila moja mahali tofauti. Angalia ukuta wa shimo. Je, rangi inabadilika kutoka nyeusi kwenda nyepesi unavyoshuka, au ni kinyume? Kuna minyoo? Kuna vipande vya matofali, misumari, plastiki? Jembe likigonga tabaka gumu kwenye sentimita 10 au 15, magari na mitambo ya ujenzi ilishindilia hapo, na mizizi itagonga vile vile. Unusie pia udongo wenyewe: harufu ya mafuta au kemikali ni sababu ya kuhama sehemu hiyo bila kubishana.

Kisha jaza shimo maji, yaache yaishe, na ujaze tena. Safari ya pili ndiyo ya kupima: simamisha rula, rudi baada ya saa moja. Maji yakishuka kati ya sentimita 2.5 na 8, umebahatika. Yakishuka chini ya hapo, ardhi inashikilia maji na utahitaji tuta la kuinuka. Yakipita sentimita 10, yanakimbia, na utahitaji mboji nyingi na matandazo mazito.

Jaribio la pili ni la chupa. Chukua chupa ya kioo yenye pande zilizonyooka, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji karibu ijae na tone la sabuni ya kuoshea vyombo, tikisa kwa dakika chache, uiweke mahali isiposukumwa. Kichanga hutua ndani ya dakika moja hivi, vumbi laini la tope hufuata katika saa mbili, na mfinyanzi huchukua siku moja au mbili. Utaona tabaka tatu. Mfinyanzi ukikaribia nusu ya tabaka zote, udongo wako ni mzito. Kichanga kikizidi robo tatu, ni mwepesi kupita kiasi.

Wengi wakiona mfinyanzi huagiza mchanga. Wasifanye hivyo. Mchanga kidogo kwenye mfinyanzi hujaza nafasi zilizobaki, na mchanganyiko ukikauka huwa mgumu kama zege. Dawa ya udongo mzito na dawa ya udongo mwepesi ni ile ile moja, mboji, ingawa kila mmoja huipokea kwa sababu yake: mzito hufunguka, mwepesi hupata kitu cha kushikia maji.

Mwisho, pima pH, yaani kiwango cha uchachu wa udongo: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mwingi. Mboga nyingi hupenda kati ya 6.0 na 7.0. Karibu na kuta mpya kipimo mara nyingi huwa juu, kwa sababu ya chokaa na saruji zilizomwagika, na mimea hukujulisha kwa majani machanga kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Usimwage majivu wala chokaa eti kwa sababu jirani anafanya hivyo. Vyote viwili hupandisha pH, na kuishusha tena ni kazi ya miaka.

Hatua ya 5: Vipimo vya tuta

Upana wa tuta huamuliwa na mkono wako. Mtu mzima hufikia sentimita 60 bila kuegemea, kwa hiyo tuta linalofikika pande zote mbili lisizidi mita 1.2, na lile lililo kando ya ukuta au uzio lisizidi sentimita 60. Lengo ni kwamba mguu usikanyage ndani kamwe. Urefu wa mita tatu unatosha. Likiwa refu sana watu wataona uvivu kuzunguka na watakatiza katikati. Njia za kupita ziwe na sentimita 45, na moja angalau iwe na 75 hadi 90 kwa ajili ya toroli.

Penye mteremko, tuta lilale kukinga mteremko, lisielekee chini, ama mvua ya kwanza itabeba mboji yako hadi getini kwa jirani. Penye maji yanayotuama, inua tuta sentimita 20 hadi 30. Penye ukavu fanya kinyume, tuta lishuke kidogo chini ya usawa wa njia ili maji yakusanyike kwenye mimea.

Chora kwanza kwa kamba au kwa mpira wa maji uliolazwa chini, uache hivyo siku kadhaa. Pita na toroli. Angalia kama mlango wa gari unafunguka, kama kamba ya kuanikia nguo imeingiliwa, kama watoto wana njia nyingine ya kukimbilia. Ukiridhika, piga vigingi na uzi. Kuhakiki kwamba pembe zimenyooka, pima kona hadi kona pande zote mbili: kwa tuta la 1.2 kwa 3, vipimo vyote viwili viwe karibu mita 3.23.

Fremu za mbao au matofali si lazima. Zinapendeza, lakini udongo uliorundikwa vizuri na kusawazishwa kwa reki hufanya kazi ile ile. Ukizitaka, usitumie mataruma ya zamani ya reli wala mbao kuukuu zilizopakwa dawa. Ya kwanza yamelowekwa kreosoti, mafuta ya lami yenye sumu, na za pili huweza kuwa na aseniki, ambayo pia ni sumu.

Hatua ya 6: Ondoa nyasi

Zipo njia mbili. Ya haraka ni kukata ngozi ya nyasi kwa sepetu, kina cha sentimita 5 hivi, kukung'uta udongo na kurundika nyasi mahali zioze. Ya polepole ni kufyeka chini kabisa, kulaza maboksi yaliyobanduliwa gundi na karatasi za plastiki, yakipishana sentimita 15, kuyalowesha, na kuweka mboji sentimita 10 hadi 15 juu. Nyasi hufa kwa giza, minyoo hula boksi.

Njia ya maboksi mimi naipenda zaidi, isipokuwa penye ndago. Ndago ina viazi vidogo chini ya ardhi na hutoboa boksi bila shida. Hapo hakuna njia ya mkato: fukua kwa jembe uma, fuata kila mzizi, chagua viazi kwa mkono, rudia baada ya wiki chache. Usiipitishie mashine ya kulimia, maana utaisambaza kila pembe.

Hatua ya 7: Tengeneza udongo

Finyanga donge mkononi. Likinata na kung'aa, udongo umelowa mno. Ukilima sasa utatengeneza mabonge yatakayokaa mwaka mzima. Likivunjika ukiligusa kwa kidole, anza.

Penye tabaka gumu, ingiza jembe uma sentimita 30, litikise mbele na nyuma, lichomoe, songa mbele. Huna haja ya kupindua. Kisha tandaza mboji iliyoiva, kina cha sentimita 5, uichanganye na sentimita 15 hadi 20 za juu. Kwa tuta letu la mita za mraba 3.6, hiyo ni lita 180 za mboji, yaani magunia kadhaa. Hapa tena utashukuru kwamba ulianza na moja.

Samadi mbichi huunguza mizizi na huweza kubeba vimelea vya magonjwa. Ioze kwanza. Ukilazimika kuichanganya ikiwa mbichi, acha siku 120 zipite kabla ya kuvuna chochote kinachogusa udongo. Samadi na mboji za kununua zina hatari nyingine isiyoonekana: baadhi ya dawa za kuua magugu zilizopulizwa kwenye malisho hupita tumboni mwa mnyama na kubaki na nguvu. Zijaribu kwa maharage. Jaza kopo moja mchanganyiko wa samadi na udongo unaouamini, jingine udongo huo peke yake, panda maharage matatu matatu, subiri wiki tatu. Majani ya kopo la samadi yakijikunja na kujisokota huku mengine yakiwa mazima, usiitumie.

Tuta likishasawazishwa, limwagilie uliache siku kumi au wiki mbili. Magugu yataota. Yakwangue juu juu kwa jembe siku ya jua, bila kuchimba kwenda chini. Palizi ya mwezi mzima umeimaliza asubuhi moja.

Hatua ya 8: Panga kwenye karatasi

Mimea mirefu isizibe mifupi. Kaskazini ya mbali mirefu ikae upande wa kaskazini wa tuta, kusini ya mbali upande wa kusini. Karibu na Ikweta iwekee mwisho wa mashariki au magharibi na uamue kama unataka kivuli cha asubuhi au cha jioni. Weka jamaa pamoja: nyanya, pilipili, biringanya na viazi mviringo ni ukoo mmoja na huugua magonjwa mamoja, kwa hiyo msimu ujao ukoo mzima uhame, usirudi hapo kwa miaka mitatu hivi. Mnanaa upande kwenye chungu chake, la sivyo tuta litakuwa lake.

Kwa udongo usioujua bado, nachagua maharage, saladi, spinachi, vitunguu vya majani na figili. Figili huwa tayari kwa takriban wiki nne, na ikitoka imepinda au imegawanyika inakuambia kuna mawe au ugumu chini kabla hujapoteza miezi mitatu kwenye karoti. Miti ya matunda isubiri hadi uone mwaka mzima wa jua na maji.

Hatua ya 9: Panda

Mbegu huingia kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Zile ndogo kama vumbi hunyunyiziwa udongo juu tu. Usimalize pakiti. Panda robo ya saladi leo, robo nyingine baada ya wiki mbili, ili zisiive zote siku moja.

Miche iliyokuzwa kivulini izoeshwe jua kwa siku saba hadi kumi, saa chache kwanza. Ihamishe jioni au siku ya mawingu. Mwagilia mche nusu saa kabla, mwagilia shimo, ushike kwa jani na si kwa shina, maana jani likikatika litaota jingine. Mche wa nyanya fukia shina hadi karibu na majani ya kwanza imara. Sehemu iliyofukiwa huota mizizi. Wa saladi usifukiwe shingo. Matango na maboga hayapendi mizizi kuguswa, na karoti haihamishwi kabisa, hupandwa pale itakapokaa.

Nafasi: nyanya sentimita 45 hadi 60, kabichi 45, saladi 25 hadi 30, maharage 10 hadi 15, vitunguu 10, karoti 5 baada ya kupunguza. Utaona tuta tupu na utashawishika kubana. Lipe wiki sita.

Hatua ya 10: Wiki za mwanzo

Mbegu zisikauke hata siku moja kabla ya kuchomoza. Nyunyizia kidogo asubuhi na jioni. Mimea ikishashika, badili: mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wingi, ili mizizi ifuate maji chini. Kidole kiwe kipimo. Kizamishe sentimita 5. Pakiwa na unyevu, rudi kesho.

Miche ikifika urefu wa kiganja, tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu au majani makavu, kina cha sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina ili lisioze. Na pita kila siku, hata dakika mbili, ukipindua majani kutazama mayai ya wadudu.

Andika tarehe, ulichopanda na wapi. Ukifika mwezi wa pili, na maji na palizi za tuta hili hazijakushinda, laza maboksi mahali ulipochora la pili. Nyasi zife zenyewe wakati wewe unavuna figili.